Penye Wengi Hapaharibiki Neno? Historia Fupi ya Kuandika kwa Pamoja Darasani

1. Utangulizi

Kiswahili kina methali mbili ambazo zapingana waziwazi kuhusu kazi ya wengi. Ya kwanza yasema: Penye wengi hapaharibiki neno. Ya pili yajibu: Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ubishi huu ndio uliomo katika historia ya jambo ambalo leo limeingia katika vyuo vingi vya dunia, yaani matumizi ya hati ya pamoja katika mtandao wa intaneti. Hati ya namna hiyo ni maandishi ambayo wanafunzi kadhaa, kila mmoja akiwa mbele ya chombo chake, huyaandika, huyasahihisha na kuyafuta kwa wakati mmoja, huku mwalimu akiyaona yakikua.

Mara nyingi zana hizi huelezwa kana kwamba zilibuniwa na makampuni ya Marekani baada ya mwaka 2005, kisha shule zikazipokea. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba darasa liliitangulia mashini. Kuandika kwa pamoja kulikua shuleni, tena katika shule za watu walionyimwa kauli: watoto wa wakulima, kisha wanafunzi viziwi. Aidha, tangu mwanzo wa historia hiyo maswali matatu yamekuwa yakirudi: Nani mtunzi wa maandishi ya wengi? Nani ana haki ya kufuta? Na ukurasa wenyewe ni mali ya nani?

2. Herufi za risasi: Bar-sur-Loup, 1924

Célestin Freinet alizaliwa mwaka 1896 katika milima ya kusini mwa Ufaransa. Vita vya kwanza vya dunia vilimwachia jeraha la mapafu, hata akashindwa kusema kwa muda mrefu mbele ya darasa. Mwaka 1920 alipewa shule ya kijiji cha Bar-sur-Loup. Mwalimu asiyeweza kuhutubia siku nzima alilazimika kutafuta njia ambayo kwayo watoto wenyewe wangesema.

Mwaka 1924 alikuwa ameingiza darasani mtambo mdogo wa kupigia chapa. Kazi ilifuata hatua zilizo wazi. Mtoto aliandika jambo aliloliona au kuliwaza. Darasa likasikiliza maandishi kadhaa na kuchagua moja kwa kura. Andishi lililochaguliwa likanakiliwa ubaoni na kusahihishwa na wote, pamoja na mwenyewe. Kisha watoto walipanga herufi za risasi moja baada ya moja, wakapaka wino, wakachapa. Kurasa hizo zilitumwa kwa posta hadi shule ya Trégunc, pwani ya Bretagne, alikofundisha René Daniel, nazo kurasa za huko zikarudi Bar-sur-Loup. Watoto wa mlimani wakasoma habari za wavuvi, na watoto wa wavuvi wakasoma habari za mlimani.

Msomaji atatambua kwamba mambo makuu ya hati ya pamoja yamo humu tayari: andishi moja, mikono mingi, masahihisho mbele ya wote, na msomaji wa kweli ambaye si mwalimu. Kilichokosekana ni kasi tu. Hata swali la dhamana lilijitokeza mapema. Freinet alipokuwa Saint-Paul, andishi moja la mtoto, lililosimulia ndoto, lilitumiwa na wapinzani wake kumshambulia katika ugomvi wa miaka ya 1932 na 1933. Ugomvi huo ulimtoa katika shule za serikali, naye mwaka 1935 akafungua shule yake mwenyewe huko Vence. Watoto walikuwa wamepewa haki ya kuchapa, lakini aliyedaiwa jawabu alikuwa mwalimu.

3. Vipande vya karatasi: Barbiana, 1967

Mbinu za Freinet zilivuka mpaka na kuingia Italia, ambako walimu walianzisha mwaka 1951 chama cha ushirikiano katika elimu. Mmoja wa walimu hao, Mario Lodi, alifundisha katika kijiji cha Vho, manispaa ya Piadena. Mwaka 1963 wanafunzi wake waliandikiana barua na wale wa Barbiana, kitongoji cha milima ya Toscana ambacho padri Lorenzo Milani alipelekwa mwishoni mwa mwaka 1954. Kwa njia hiyo Barbiana ilipata uandishi wa pamoja, ikaupa ukali mpya.

Mwezi Mei 1967 kilitoka kitabu kiitwacho Lettera a una professoressa, yaani barua kwa mwalimu wa kike. Jina la mtunzi lililoandikwa jaladani si la mtu mmoja, bali ni la Shule ya Barbiana. Vijana wanane walikuwa wamekiandika kwa msaada wa padri wao, ambaye alifariki tarehe 26 Juni 1967, majuma machache tu baada ya kitabu kutoka. Hoja yake ilikuwa nzito: kwamba shule ya Italia iliwaangusha watoto wa maskini katika mitihani na kuwarudisha mashambani, kisha ikawaita wavivu.

Kitabu hicho chenyewe chaeleza jinsi kilivyoandikwa. Kila kijana alikuwa na kijitabu mfukoni, na kila wazo lililomjia aliliandika juu ya kipande chake cha karatasi, upande mmoja tu. Baadaye vipande vyote vilikusanywa mezani, vilivyorudiana vikaondolewa, vilivyohusiana vikawekwa pamoja na kuwa sura. Hapo ndipo ulipoanza ubishi wa kutafuta neno lililo sawa na kufuta kila lisilohitajika. Mwishowe waliitwa watu wa nje, hasa wale wasiosoma sana, ili wasikilize na kusema wasipoelewa.

Tofauti baina ya Barbiana na Bar-sur-Loup yafaa kuzingatiwa. Kwa Freinet, andishi lilianza na mtoto mmoja, darasa likalitengeneza. Kwa Barbiana, hakuna mwanzo wa mtu mmoja: wazo la huyu lilikuwa limekwisha kuchanganyika na la yule kabla sentensi ya kwanza haijatungwa. Kwa hiyo swali la mtunzi lilipewa majibu mawili tofauti, na majibu hayo mawili yangali yakigombana mpaka leo, kila mara mwalimu anapotafuta namna ya kuipa alama kazi ya kundi.

4. Kompyuta na wanafunzi viziwi

Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, mhandisi Douglas Engelbart alionyesha mbele ya wataalamu wapatao elfu moja kazi ya kikundi chake cha Stanford Research Institute. Yeye alikuwa jukwaani, mwenzake Bill Paxton alikuwa Menlo Park, umbali wa kilometa kama hamsini, nao wakatazama na kushughulikia maandishi yale yale kupitia kompyuta moja, huku wakisikilizana. Hilo ndilo onyesho ambalo wanahistoria wa kompyuta hulitaja kuwa chimbuko la hati ya pamoja. Lakini mashini ya Engelbart ilikuwa ya maabara. Wakati huo hakuna shule ambayo ingeweza kuinunua.

Darasa la kwanza lililoufanya mtandao wa kompyuta kuwa mahali pa kuandikiana papo hapo kwa kusudi la kufundisha lugha lilikuwa la viziwi. Chuo cha Gallaudet, mjini Washington, kilianzishwa mwaka 1864 kwa ajili yao. Huko Trent Batson, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa na tatizo ambalo mwalimu yeyote wa lugha ya pili atalifahamu. Wanafunzi wake walizungumza wao kwa wao lugha ya ishara ya Marekani, iliyo lugha kamili yenye sarufi yake. Kiingereza walikijua vitabuni tu, kama lugha ya mtihani. Hawakuwahi kukitumia kutaniana, kubishana wala kuombana radhi. Mwaka 1985 Batson aliunganisha kompyuta za darasa. Kila mwanafunzi aliandika sentensi yake, nayo ikaonekana mara moja katika vioo vya wote, chini ya sentensi za wenzake. Kwa mara ya kwanza Kiingereza cha maandishi kikawa mazungumzo.

Mbinu hiyo ilienea haraka katika madarasa ya wenye kusikia, hasa kwa programu zilizotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Mwaka 1995 Richard Kern wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitoa uchunguzi juu ya wanafunzi waliojifunza Kifaransa. Aliwalinganisha walipojadiliana kwa mdomo na walipojadiliana kwa kuandika katika kompyuta zilizounganishwa. Katika kuandika, wanafunzi walichukua nafasi ya kusema kati ya mara mbili na mara tatu na nusu zaidi. Waliozoea kunyamaza waliandika. Mwalimu, ambaye darasani ndiye msemaji mkuu, akawa mmoja kati ya wengi. Lakini Kern hakuficha upande wa pili: sarufi ililegea, na uzi wa hoja ulikatika mara kwa mara, kwa kuwa watu kumi walijibu mambo kumi kwa wakati mmoja. Methali zote mbili, ya wengi na ya manahodha, zilipata ushahidi katika darasa lile lile.

5. Tatizo la herufi ya kumi na nne

Kuandikiana sentensi ni jambo moja. Kuandika sentensi moja kwa mikono miwili ni jambo jingine. Wahandisi walikwama hapo kwa miaka mingi, na shida yao yaweza kuelezwa kwa mfano mdogo. Tuseme hati ina maneno haya: Mto ulifurikaa. Mwanafunzi wa kwanza aliyeko Lubumbashi ataka kuingiza neno Lualaba baada ya Mto. Wakati huo huo, wa pili aliyeko Kindu aona kwamba herufi ya mwisho imezidi, naye aagiza: futa herufi ya kumi na nne, nafasi tupu ikihesabiwa. Agizo la kwanza likifika mbele, neno Lualaba pamoja na nafasi yake huongeza herufi nane. Sasa herufi iliyozidi si ya kumi na nne tena, ni ya ishirini na mbili. Kompyuta ikilitii agizo la pili kama lilivyo, itafuta herufi nyingine kabisa, na kutuachia: Mto Lualaba uifurikaa.

Mwaka 1989 C. A. Ellis na S. J. Gibbs, waliofanya kazi Austin, Texas, walitoa kanuni ya kulitatua jambo hilo. Kila agizo linalochelewa hugeuzwa kwanza kulingana na maagizo yaliyotangulia: kumi na nne hufanywa ishirini na mbili, ndipo herufi ikafutwa. Hakuna anayefungiwa mlango akimngoja mwenzake amalize. Kanuni hiyo iliboreshwa baadaye na watafiti wengi, lakini wazo lake ndilo lililo chini ya programu nyingi zinazotumiwa leo.

Njia nyingine ilichukuliwa na Ward Cunningham wa Portland, Oregon. Tarehe 25 Machi 1995 aliufungulia umma mfumo wa kurasa ambazo yeyote azisomaye aweza pia kuzibadilisha. Aliupa jina wiki, kutokana na neno la Kihawaii lenye maana ya haraka, alilolikuta katika jina la mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mark Guzdial na wenzake wa Georgia Institute of Technology walitengeneza mfumo wa namna hiyo kwa ajili ya masomo ya chuo. Mwezi Januari 2001 ikazaliwa kamusi elezo ya Wikipedia, na mwaka 2003 ikapata tawi la Kiswahili. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania walihimizwa kuliandikia tawi hilo katika shindano la miaka ya 2009 na 2010. Na hivyo kazi ambayo zamani ingeishia katika kabati la mwalimu ilipata wasomaji.

Hatua ya mwisho ni ile ijulikanayo zaidi. Mwaka 2005 ilitokea programu iitwayo Writely, iliyowezesha kuandika hati ndani ya kivinjari cha intaneti bila kusakinisha chochote. Google waliinunua mwezi Machi 2006, ikawa msingi wa Google Docs. Mwezi Novemba 2008 ilifuata EtherPad, ambayo iliipa kila mkono rangi yake na kuonyesha kila herufi punde inapopigwa. Nayo ilinunuliwa na Google, mwezi Desemba 2009, lakini msimbo wake ulitolewa kwa umma, na hata leo waweza kuwekwa na yeyote katika kompyuta yake. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga shule, zikiwemo za Kongo kuanzia mwezi Machi, UNESCO ilihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walioathiriwa ulimwenguni. Zana iliyokuwa ya hiari ikawa, kwa wenye umeme na mtandao, darasa lenyewe. Kwa wasio navyo, darasa lilifungwa kabisa.

6. Ushahidi wa Lubumbashi

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Kongo yaingia katika historia hii kama mpokeaji tu. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, uitwao leo Lubumbashi, kilitungwa kijitabu kilichopewa jina la Kifaransa Vocabulaire de ville de Elisabethville, ingawa matini yake ni Kiswahili cha Katanga. Licha ya jina hilo, si msamiati bali ni historia ya mji na ya ukoloni wa Kibelgiji, kama ilivyoonekana kwa watu waliopika, waliofua na waliotandika meza katika nyumba za wazungu. Chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani ndicho kilichoagiza kazi hiyo, naye André Yav akaikusanya na kuiandika. Hapa pana jibu la tatu kwa swali la mtunzi: mkono ni wa mmoja, kauli ni ya chama.

Johannes Fabian alipolichapisha andishi hilo mwaka 1990, pamoja na tafsiri na ufafanuzi, alikabiliwa na tatizo la kiisimu ambalo lawahusu moja kwa moja wasomaji wa Kiswahili. Mipaka ya maneno haikuwa thabiti, na tahajia ilibadilika badilika. Matini yalifunguka pale tu Kalundi Mango, msomi wa Lubumbashi, alipoyasoma kwa sauti na kuirekodi sauti hiyo. Kwa maneno mengine, hata kuyasoma kulihitaji zaidi ya mtu mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Fabian na Vincent de Rooij, wote wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, walianzisha kwenye intaneti hazina ya matini ya Kiswahili cha watu, na Vocabulaire ikawekwa humo.

Hazina hiyo ni huduma kubwa. Hata hivyo, yaonyesha mpaka wa wazi: msomaji wa Lubumbashi aweza kuyasoma matini hayo, ila hawezi kuandika pambizoni mwake, wala kusahihisha maelezo ya neno ambalo bibi yake bado alitumia. Teknolojia ya kuwezesha hilo ipo tangu mwaka 1995. Kilichobaki ni uamuzi wa nani aruhusiwe, na uamuzi huo si wa wahandisi.

7. Hitimisho

Kutokana na historia hii, mambo matatu yaweza kusemwa bila wasiwasi.

Kwanza, kuhusu mtunzi. Zana za leo huweka kumbukumbu ya kila badiliko, pamoja na jina na saa. Mwalimu anayetoa alama aweza kuona nani aliandika nini. Lakini kumbukumbu hiyo huhesabu herufi, haipimi fikra. Kijana wa Barbiana aliyemshawishi mwenzake kufuta sentensi mbovu angeonekana humo kama mtu asiyefanya kitu. Basi hesabu ya mashini haiwezi kuwa badala ya kuwasikiliza wanafunzi wakieleza jinsi walivyofikia neno lao.

Pili, kuhusu haki ya kufuta. Freinet alipitisha kura, Barbiana walipitisha ubishi wa mezani. Hati ya mtandao haipitishi lolote: yeyote afuta cha yeyote. Pale ambapo desturi hudai mdogo asimkosoe mkubwa hadharani, au mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiguse sentensi ya yule wa mwaka wa tatu, uhuru huo utabaki maandishi tu, isipokuwa darasa litunge kwanza kanuni zake.

Tatu, kuhusu mwenye ukurasa. Watoto wa Bar-sur-Loup walichapa kwa mtambo uliokuwa chumbani mwao. Hati nyingi za leo hukaa katika kompyuta za kampuni iliyo ng'ambo, na hufikiwa kwa vipimo vya data ambavyo mwanafunzi hununua kwa fedha yake. Hata hivyo, njia nyingine ipo. Programu za msimbo huria, kama ile iliyotokana na EtherPad, hufanya kazi ndani ya chumba kimoja, kwa kompyuta moja ya kati na mtandao mdogo usiohitaji intaneti ya nje. Idara ya lugha iwezayo kupata umeme wa saa mbili na mashini chache yaweza kuwa na ukurasa wake yenyewe.

Methali zile mbili, basi, hazipingani kama zinavyoonekana. Penye wengi hapaharibiki neno, ikiwa wengi hao wamekwisha kukubaliana jinsi ya kusikilizana. Wasipokubaliana, ni manahodha tu, na chombo, kiwe cha mbao, cha risasi au cha umeme, kitakwenda mrama.